Kukusanya vitu vya kuchezea na majarida ya katuni ya utotoni: njia ninayoifuata hapa Tanga

Anza na vile ambavyo havikuwahi kuuzwa dukani. Kila anayenijia kaunta kuniuliza namna ya kuanza kukusanya vitu vya utotoni, hilo ndilo jibu langu la kwanza, na wengi hulishangaa, maana wameshaweka akilini vigari vya chuma kutoka Ulaya na rundo la jarida la Sani. Vigari vya chuma vilitoka viwandani kwa mamilioni, na duniani kote wapo watu wanaovitunza. Ukikikosa leo, utakipata mwakani. Lakini gari la seng'enge alilokunja kijana wa Makorora enzi za foleni za sukari lilikuwa moja tu. Likitupwa, limekwenda. Na aliyelikunja sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, na pengine hakuna aliyewahi kumuuliza ile bampa aliipindaje.

Mimi nina duka la steshenari Ngamiani. Nauza madaftari, natoa fotokopi, nalaminisha vyeti. Karatasi na plastiki nazishika kutwa, kwa hiyo sehemu ya kutunza nitaieleza kwa kirefu kuliko nyingine. Huku pwani kutunza ndiyo kazi yenyewe. Kupata ni rahisi kuliko mtu anavyodhani.

Jiwekee mipaka

Utoto ni mpana. Ukitaka kila kitu, nyumba itajaa na wewe mwenyewe hutajua una nini. Amua mahali, miaka na aina. Mimi nimeamua Tanga mjini na vitongoji vyake, kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi 2000, na aina mbili tu: vitu walivyojitengenezea watoto, na majarida waliyoyasoma. Miaka hiyo ina sababu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, hata sabuni ilitafutwa kwa foleni, na mtoto aliyetaka gari alitafuta kopo na waya. Mwaka 1985 akaingia madarakani Mzee Mwinyi, biashara ikafunguliwa, mitumba na plastiki vikaanza kumiminika. Ukipanga vitu vyangu kwa mwaka, unaiona historia hiyo mezani bila kusomewa: upande mmoja bati, ndala na seng'enge, upande wa pili rangi za plastiki zinaanza kuingia.

Wewe unaweza kuchagua tiara tu, au visoda tu. Unaweza kuchagua mpira: picha na magazeti ya timu zetu, Coastal Union na African Sports, hasa ya 1988, mwaka ambao Coastal walichukua ubingwa wa nchi. Kwa mtoto wa Tanga aliyepanda mti nje ya uwanja wa Mkwakwani kuchungulia mechi, hilo nalo ni utoto, tena kubwa.

Majarida ya katuni

Jua kwanza kilichokuwepo, usije ukatafuta jarida la kitu kilichotoka gazetini. Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory, alikuwa katika gazeti la Uhuru, kwa hiyo anayemtafuta huyo anatafuta magazeti, au vipande vilivyokatwa na kubandikwa kwenye daftari. Vipande hivyo usivibandue. Daftari la mtu aliyekata Chakubanga kila wiki na kumbandika kwa uji wa ngano ni kitu kimoja kizima, na thamani yake iko katika huo uvumilivu wake.

Sani ndiyo iliyotulea wengi wetu. Iliasisiwa na Saidi Bawji na Nico Ye Mbajo, na ndani yake kulikuwa na Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge. Wapo rika langu waliojifunza kusoma haraka kwa ajili ya Madenge, si kwa ajili ya mwalimu. Ukikutana na mchoro wa Philip Ndunguru, ushike kwa mikono miwili. Alifariki akiwa bado kijana. Baadaye akaja Kingo wa James Gayo. Wakubwa zetu wao watakwambia habari za majarida ya picha za kupigwa, kama Film Tanzania, na African Film iliyokuwa na mpelelezi Lance Spearman, ambaye wazee wa hapa wanamwita Spear kana kwamba walisoma naye darasa moja.

Tanga ina bahati nyingine: mpaka uko karibu. Kupitia Horohoro vitu vya Mombasa vimekuwa vikiingia miaka yote, vimefungwa magazeti ya Kenya. Ndiyo maana ndani ya masanduku ya hapa unaweza kukuta Taifa Leo lenye Juha Kalulu wa Edward Gitau, au vitabu vya Pichadithi vilivyochora ngano zetu. Vikitokea Tanga, andika kwamba vimetokea Tanga. Njia kilikopita kitu ni sehemu ya kitu.

Sasa, vinapatikana wapi? Majarida mengi yaliishia kufungia karanga na vitumbua, lakini hayo yaliyopona yamejificha palepale ambapo watu husubiri au hufungia vitu. Ulizia vinyozi wa zamani. Ulizia mafundi baiskeli, kwa sababu mji huu ni wa baiskeli na kila fundi ana benchi la wateja wanaosubiri. Ulizia mafundi redio na mafundi cherehani. Hao huhifadhi karatasi kwa kukatia patani. Ndani ya soko la Mgandini na la Makorora, jenga urafiki na wauza karatasi chakavu, uwaachie namba yako, na ukiitwa nenda siku hiyohiyo. Halafu kuna tranka. Mtu aliyesoma bweni miaka ile alikuwa na tranka la bati, na jarida lililowekwa chini ya tranka, juu yake nguo, juu ya nguo kufuli, limelala salama miaka arobaini.

Jarida likikosa gamba na ukurasa wa kwanza, usikate tamaa. Matangazo yatakutajia umri wake. Likiwa na tangazo la kipindi cha televisheni ya huku bara, limetoka 1994 au baada ya hapo. Likitangaza Vodacom, ni 2000 kuja huku. Celtel ilianza hapa 2001, ikawa Zain 2008, kisha Airtel 2010, kwa hiyo tangazo moja la simu ukurasa wa mwisho linakufungia miaka vizuri. Bei iliyochapishwa nayo inasaidia: linganisha na nakala nyingine uliyo nayo yenye tarehe. Ukitaka uhakika wa gazeti, Maktaba Kuu ya Taifa na sehemu ya Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana magazeti ya zamani. Nenda na kalamu ya risasi, uwe na subira.

Usidharau nakala iliyochafuliwa. Nina ukurasa mmoja wa Sani wenye duara la mafuta katikati, umbo la kitumbua kabisa, na pembeni mtoto amempaka Lodi Lofa masharubu kwa biki ya buluu. Karibu na ukingo kuna hesabu za kujumlisha: mkate, sukari robo, mafuta ya taa. Huo siubadilishi na nakala mpya. Chemsha bongo iliyojazwa, jina lililoandikwa mara tatu kwa mwandiko unaojifunza, vyote viache vilivyo.

Na ukurasa wa marafiki wa kalamu utunze kwa heshima. Mle mna majina kamili, picha, umri na S.L.P. za watu ambao wengi wao wako hai. Ukipiga picha za kurasa kuwaonyesha wenzio, huo uufunike.

Kupiga hodi

Vitu hivi havitangazwi. Viko uvunguni, juu ya dari, nyuma ya pipa la maji. Ili uvifikie lazima uketi na watu wazima, na kuketi kuna adabu yake. Usiingie na simu mkononi ukipiga picha. Usiende saa ya mapishi. Alasiri baada ya swala ni saa nzuri, watu wako barazani, kahawa ipo. Na usiulize kama nyumbani kuna midoli ya zamani, kwa sababu watafikiri unataka vya kununuliwa, nao watakujibu walikuwa hawana uwezo. Hivi ndivyo yalivyokwenda mazungumzo kwa bi mkubwa mmoja wa Chumbageni:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu kitako."

"Bibi, natafuta vitu walivyochezea watoto wa nyumba hii zamani."

"Vya kuchezea? Mjukuu wangu, sie hatukuwa na pesa za kununua vya kuchezea."

"Si vya kununua, bibi. Vile walivyotengeneza wenyewe. Magari, tiara, wanasesere."

"Aa! Makopo yale! Mjomba wako alikuwa hatupi kitu, nimegombana naye mpaka nimechoka. Hebu muite kijana aingie kule stoo."

Kilichotoka stoo siku ile nitakieleza mbele. Hapa nataka useme na mwenyewe. Gari si la bibi, ni la mjomba aliye Dar es Salaam au Mwanza, na kabla hujalitoa nje ya mlango mpigieni simu. Mara nyingi simu hiyo ndiyo inayoleta habari zote: alilitengeneza lini, nani alimfundisha, walishindania wapi. Mara nyingine anasema liache hapohapo nitalifuata, na hapo unamshukuru na unaliacha. Ukiambiwa mwenyewe alishatangulia mbele ya haki na mama yake ndiye anayekitunza, toa pole, unywe kahawa yako, usikiombe.

Kuhusu malipo, kuwa mwaminifu. Kama unajua kitu kina bei, itaje. Kwa sababu ya kazi yangu mimi hubadilishana pia: mtu ana picha ya harusi ya 1979 inayochanika, namtengenezea nakala safi na kuiwekea fremu, naye ananipa majarida. Mzee mmoja alitaka vyeti vya wajukuu wake wote vilaminishwe, tukakubaliana, kila mmoja akaondoka na furaha yake.

Nunua kaunta buku moja kubwa, na kila kitu kikiingia nyumbani kiandikwe usiku huohuo. Jina la kitu kama mwenyewe alivyolitamka. Nani alikitengeneza au alikuwa nacho, mtaa upi, barabara ya ngapi kama ni Ngamiani. Miaka, hata kwa kukisia: kabla ya vita vya Kagera, baada ya Mwinyi kuingia. Kanuni za mchezo wenyewe: gololi ilichezwa kwa shimo au kwa duara, na aliyeshindwa alilipa nini. Namba ya kitu iandike kwa penseli kwenye karatasi ndogo na uifunge kwa uzi wa pamba. Kitu chenyewe usikiandike. Kitu kisicho na maandishi hayo, ukiondoka duniani wewe, wanao watakiona ni taka na watakuwa na haki.

Kutunza kwenye hewa ya pwani

Hapa ndipo mikusanyo mingi inapofia. Hewa ya Tanga ina unyevu mwaka mzima, masika inaongeza, na chumvi ya bahari inakula chuma. Ukungu unaota kwenye karatasi pale unyevu wa hewa unapozidi kama asilimia 65 na hewa imetulia, na kwetu hiyo ni hali ya kawaida. Pamoja na ukungu kuna mende, mchwa, na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu.

Nianze na makatazo, maana watu huja dukani kwangu wakiyaomba. Usilaminishe jarida. Mashine inayeyusha gundi kwenye karatasi kwa joto, na haitoki tena milele. Karatasi ya gazeti ina asidi yake ndani kwa sababu imetengenezwa kwa mbao zisizosafishwa, na ukiifungia humo inaendelea kujila. Wateja nawakatalia pesa yao kwa hilo. Usitumie solotepu kuunga mchaniko: gundi yake hugeuka kahawia, hupenya, na huacha doa lisilofutika. Usianike karatasi juani. Jua linaua ukungu wa juu juu lakini linaigeuza karatasi njano na kuikausha ivunjike kama mkate wa ajemi uliolala. Na usiweke vile vidonge vyeupe vya nafthalini ndani ya boksi. Mvuke wake si mzuri kwa mtu, na harufu haiondoki.

Jarida likiingia, lichukulie kuwa lina wadudu. Liweke peke yake kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga vizuri, uliweke kwenye friza kali kwa wiki mbili. Ukilitoa, usifungue mfuko siku hiyo. Liache lirudi kwenye joto la kawaida kwanza, la sivyo maji ya hewani yatatua juu ya karatasi. Kisha peleka kibarazani penye kivuli na upepo, vaa barakoa, na kwa brashi laini ya rangi piga vumbi na ukungu mkavu kutoka katikati kwenda nje. Pini za stepla zikiwa na kutu, zinyanyue taratibu kwa ncha ya kisu butu na uzitoe, kwa sababu kutu inakula mkunjo. Mahali pake shona kwa uzi wa pamba kupitia matundu yaleyale, fundo liwe upande wa ndani.

Kati ya jarida na jarida weka karatasi nyeupe ya fotokopi. Angalia pembeni mwa rimu: nyingi siku hizi zimeandikwa kuwa hazina asidi, na hizo ndizo unazozitaka. Halafu kila jarida liingie kwenye mfuko wake wa plastiki. Plastiki si zote sawa. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba: 5 ni nzuri, 2 ni nzuri, 3 ikwepe kabisa, hiyo ni PVC, ndiyo inayonuka kama koti jipya la mvua na baada ya miaka inatoa unyevunyevu unaonata na kubandua wino. Yapange kwa kulala, si kwa kusimama, rundo lisizidi urefu wa shubiri, ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana.

Boksi hilo usilifunge siku yoyote tu. Subiri kaskazi, mchana wa Januari au Februari penye upepo mkavu, acha vitu na boksi vipate hewa chumbani, ndipo ufunge. Weka vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi za viatu. Majirani wote nimewaambia wasivitupe. Vikishashiba unyevu, chana, mwaga chembe nyeupe kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo, koroga mpaka zikauke, zirudishe ndani ya kifuko cha kitambaa. Za rangi ya buluu usizipashe moto, zina kemikali mbaya. Boksi likae juu ya ubao, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu, kwa ajili ya mchwa. Masika yakipita, fungua ukague. Ukisikia harufu ya chumba kilichofungwa, toa kila kitu na uanze upya.

Vya dukani, kwa kifupi

Vigari vya Matchbox vitazame chini ya tumbo. Penye maneno Lesney na Made in England, kimetoka kabla kampuni ile ya Uingereza haijafilisika mwaka 1982. Penye Macau, China au Thailand ni cha baadaye. Rangi iliyobanduka usiirudishie. Wanasesere wa plastiki laini wanaonata wamekuwa hivyo kwa sababu kilainishi cha plastiki kinatoka nje. Wafute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, wakae kwenye hewa, wasigusane. Vile vigemu vya mkononi vya matofali yanayoshuka, na kila kitu chenye betri, toa betri leo. Pakiwa pameshavuja, betri za kawaida za zinki husafishwa kwa magadi ya kuokea yaliyoloweshwa kidogo, na zile za alkalaini kwa siki, kwa pamba ya kijiti, kisha pakaushwe.

Vilivyotoka mikononi mwa watoto

Kule stoo Chumbageni kijana alitoka na basi. Urefu wake ni kama kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Fremu ni seng'enge nene ya uzio, imekunjwa bila kukatwa kuanzia bampa ya mbele, ikapanda kwenye nguzo za madirisha, ikazunguka keria na kushuka nyuma ikiwa ngazi. Viungo vimefungwa kwa waya mwembamba wa shaba uliofumuliwa kwenye koili iliyoungua, mizunguko imelala sambamba kama kazi ya mtu anayelipwa. Magurudumu ya mbele ni vikopo vya dawa ya viatu ya Kiwi, na kimoja bado kina yule ndege. Ya nyuma yamekatwa kwenye ndala, ukiyageuza unaona mstari ambapo kisigino kililala. Bodi ni bati la kopo la mafuta lililopigwa likanyooka. Ubavuni kuna neno KAMATA kwa rangi nyekundu ya mafuta, jina la yale mabasi ya taifa, herufi zikipungua ukubwa kadiri nafasi ilivyomwishia. Usukani ni ufito mrefu unaopita nyuma na kushuka hadi ekseli ya mbele. Ukiuzungusha kulia, magurudumu yanakata kulia. Bado.

Gari kama hilo ulikague hivi. Tazama magurudumu yamelika upande gani. Lililochezewa hulika upande wa kona. Tazama waya: mtoto aliokota, kwa hiyo waya hazilingani unene wala rangi. Likiwa lote la waya mpya unaong'aa na rangi safi kote, hilo limetengenezwa kwa ajili ya wageni, ni zuri, lakini ni kitu kingine. Kutu usiikwangue. Ipige brashi kavu, pitisha kitambaa chenye tone la oili ya cherehani kwenye waya pekee, ndala na rangi visiguswe na mafuta. Lisikae kwa magurudumu yake. Linyanyue kwa kibao chini ya tumbo, mpira wa ndala hubonyea.

Wanasesere wa kitambaa wanahitaji jicho la kike, nasema bila kuomba radhi, kwa sababu aliyewahi kuwashona ndiye anayewatambua. Kichwa kimejazwa sufi au vitambaa, nguo ni kipande cha kanga, na kwa hapa kwetu penye mkonge, nywele za katani. Mmoja ninaye amesukwa mistari mitatu, na mstari wa kushoto umeachwa nusu. Usimfue. Usimalize kusuka. Mfunge kwa bafta nyeupe iliyofuliwa bila blichi, umkague kila miezi michache.

Tiara ni ngumu kutunza. Njiti zake ni chelewa, karatasi yake gazeti, gundi yake uji wa ngano, na uji wa ngano ni chakula cha mende, kwa hiyo iwe na boksi lake peke yake, na friza kwanza. Ukipata iliyofunikwa kwa mfuko wa Rambo itunze gizani, plastiki ile nyembamba huvunjikavunjika kwa mwanga, na tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 hakuna mtoto anayetengeneza nyingine. Manati, pia za kuzungusha na gololi havisumbui; gololi za chuma zilizotoka kwenye beringi zipanguse mafuta kidogo basi.

Kuna kimoja si cha kuchezea hata kama kina umbo la mwanasesere. Ukiletewa kinyago kidogo cha mti chenye kichwa cha panda mbili na kiwiliwili bila mikono, kutoka Bagamoyo kwa Wazaramo na Wakwere au kwa Wazigua wa huku, hicho ni mwanahiti, kitu cha unyago. Kina wenyewe na kina heshima yake, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavihusu vitu vya namna hiyo. Kwenye mkusanyo wa michezo hakina nafasi.

Na pale ambapo kitu kimeshapotea lakini mtengenezaji yupo, mtengenezeshe. Nenda kwa yule aliyekuwa bingwa wa mtaa, mpe siku mbili tatu akumbuke, muulize vifaa na uvitafute wewe: seng'enge, ndala kuukuu, vikopo. Usimletee waya mpya wa dukani, mkono wake unakumbuka ule wa kuokota. Weka simu juu ya kigoda, ilenge mikono na si uso, mwanga uwe nyuma yako, zima muziki wa jirani kama atakubali. Mwombe aseme anachofanya huku akifanya, na asipoongea usimkatize, uliza baadaye ukimwonyesha hatua ileile. Asubiri kidogo kila kiungo kabla ya kukaza ili kionekane. Mwambie akunje mawili: moja uliandike kwenye kaunta buku kwamba ni la mwaka huu, mkono ni wa zamani, la pili wape watoto wa nyumba ile walisukume mpaka magurudumu yaishe. Video ihifadhi mahali pawili, kwa jina la fundi, mtaa na mwaka. Mlipe siku hiyohiyo, kwa bei ya fundi.